Nozeli ya silinda ya tatu

Juni hapa Njombe ni baridi ya kweli. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na saa kumi na mbili asubuhi mtu akizungumza unaona pumzi yake. Asubuhi moja ya Juni niliwasha Hilux yangu, nikaiacha ingurume, nikarudi ndani kuchukua koti. Nilipotoka sikuliona geti. Moshi mweupe ulikuwa umetanda uani kote, unanuka dizeli mbichi na unawasha macho, na mama wa nyumba ya pili alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta, khanga imeziba pua.

"Jirani, gari linaungua?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Injini ilikuwa inagonga kama mtu anayenyoosha bati kwa nyundo, na inatetemeka hadi kioo cha pembeni kinacheza.

Gari lenyewe ni Hilux dabo kebini ya mwaka 1994, injini ya 3L: silinda nne, lita 2.8, haina tabo wala kompyuta. Nimekaa nayo miaka tisa. Imebeba viazi, mbolea, miche ya parachichi, wagonjwa usiku wa manane na maharusi wawili. Nasema hivi ili ieleweke kwa nini sikutaka kusikia habari ya kuiuza, maana ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huo. Wa pili ulikuwa oveholi, yaani kuifungua injini nzima na kuijenga upya. Fundi aliyenipa huo wa pili hakufungua hata nati moja. Aliangalia moshi, akatikisa kichwa, akasema ringi za pistoni zimekwisha, akanitajia bei. Nilirudi nyumbani nikaanza kuhesabu magunia ya viazi ambayo ningelazimika kuyauza kabla ya bei kupanda.

Kilichoniokoa ni harufu. Moshi wa gari la dizeli una lugha yake. Wa buluu ni oili inayoungua, na hapo ndipo ringi zinapotajwa kwa haki. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Mweupe unaonuka dizeli na kuwasha macho ni mafuta yaliyoingia kwenye silinda yakatoka bila kuungua. Wangu ulikuwa huo wa tatu, na oili kwenye dipstiki ilikuwa haijapungua kwa miezi miwili. Injini ambayo ringi zake zimekwisha haikai hivyo.

Nikaanza na hita, plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu ya baridi. Kila silinda ina hita yake, na ukishaitenganisha na nyingine unaipima kwa taa ya tesita tu: waya mmoja kwenye pozitivu ya betri, ncha ya tesita kwenye hita, taa ikiwaka hita ni nzima. Mbili zilikuwa zimekufa. Nilizibadilisha, na kesho yake gari likawaka kwa starti moja badala ya tatu. Lakini moshi ulibaki, na kugonga kulibaki, mpaka injini ipate joto. Hapo nilijua kwamba hita zilikuwa mbovu kweli, ila hazikuwa ugonjwa niliokuwa nautafuta.

Nyuma ya soko kuna mzee mmoja anayetengeneza matrekta. Nilimpelekea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Liwashe."

Hakuniuliza kitu kingine. Aliweka kiganja juu ya boneti akafumba macho kama anayesali. Kisha akachukua spana ya 17 na kitambaa. Injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, alilegeza kidogo nati ya bomba la chuma linalopeleka mafuta kwenye nozeli ya kwanza, kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya silinda. Dizeli ikachuruzika kwenye kitambaa, injini ikayumba, ikataka kuzima. Akaikaza. Nozeli ya pili, ikayumba vilevile. Akaruka kwenda ya nne, ikayumba. Alipolegeza ya tatu, mlio haukubadilika hata kidogo.

"Huyu amelala," akasema.

Kipimo hiki hakina gharama yoyote na kinachukua dakika tano. Silinda inayofanya kazi ukiinyima mafuta injini inalalamika. Isiyofanya kazi ukiinyima, hakuna anayeona pengo. Ila naomba sana anayesoma haya asiende kukifanya kwenye gari lolote la dizeli atakalolikuta. Ni kwa injini za zamani kama hii, ambazo pampu inasukuma mafuta kwa kila nozeli kupitia bomba lake. Magari mapya zaidi, yale ya Toyota yenye injini za D-4D na wenzake, yana bomba moja la pamoja ambalo mafuta yanakaa ndani yake kwa msukumo unaoweza kupita baa 1,000. Ukilegeza nati hapo injini ikinguruma, mafuta yanaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Kidonda kinaonekana kidogo kama mdungo wa sindano, na mtu anaweza kupoteza mkono. Hata kwenye injini ya zamani usiweke kidole mbele ya mafuta yanayoruka. Mzee alishika kitambaa kinene, na uso aliuweka mbali.

Tulizitoa kesho yake, baada ya kuloweka nyuzi zake kwa oili ya kulegeza kutu usiku mzima. Kazi ya kuzitoa yenyewe ni fupi. Usafi ndio mrefu. Nilifagia na kuosha juu ya injini kwa mafuta ya taa na brashi mpaka chuma kikaonekana, maana punje ya mchanga inayodondokea kwenye tundu la nozeli inakwenda moja kwa moja ndani ya silinda. Mabomba yanatolewa bila kupindwa, na kila mdomo unaoachwa wazi unafunikwa kwa nailoni safi. Halafu bomba jembamba linalorudisha mafuta kwenye tanki. Halafu soketi ndefu ya 27, na mkono wa kutosha. Tatu ziliachia kwa heshima. Ile ya silinda ya tatu ilitaka bomba la mita moja kwenye mpini, na ilipoachia ililia mlio ambao nilidhani tumevunja hedi, kile kifuniko cha juu cha injini.

Tuliziweka juu ya gazeti kwa mpangilio. Tatu zilikuwa na ncha kavu, rangi ya kahawia iliyofifia. Moja ilikuwa nyeusi, imelowa, na masizi yamejenga kichuguu kidogo kwenye mdomo wake. Mtu asiyejua lolote kuhusu magari angeweza kunyoosha kidole kwenye mgonjwa.

Chini ya kila nozeli kuna washa mbili, moja ya kuziba mgandamizo usitoke na nyingine ya kuikinga ncha na joto. Mara nyingi hubaki ndani ya tundu wakati nozeli inatoka, na ni nyembamba kiasi kwamba ukichungulia unaona ni sehemu ya hedi. Mzee alizivua kwa waya aliokunja ncha, akazihesabu: nane. Aliniambia amewahi kuona gari ambalo fundi aliweka washa mpya juu ya kuukuu mara mbili, mpaka nozeli ikawa imekaa juu ya mahali pake na moshi ukazidi ule wa kwanza.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kabla ya kuzipima, nilinunua ncha mpya nne za nozeli kwenye duka la spea. Nilikuwa na haraka, msimu wa viazi ulikuwa unakaribia, na boksi lilikuwa na jina ninalolijua, limefungwa vizuri. Bei ilikuwa chini sana ya ile niliyotajiwa kwingine, nami nikajiona nimepata bahati.

Nikapanda basi kwenda Iringa nikiwa na nozeli zangu nne, nimezifunga kila moja kwa kitambaa chake na kuziandika namba, pamoja na ncha zangu mpya. Fundi pampu niliyeelekezwa kwake ana chumba ambacho hakifanani na gereji. Sakafu yake inapigwa deki kila asubuhi. Dirisha halifunguliwi. Tulipomaliza salamu, kamwene na habari za njia, alinawa mikono kwa sabuni kama mtu anayetaka kula, ndipo akagusa nozeli.

Akanieleza sababu. Ndani ya kila ncha kuna sindano inayoteleza ndani ya ala yake. Nafasi iliyopo kati ya sindano na ala ni maikroni chache tu. Unywele wa mtu mmoja ni mnene mara kumi na zaidi ya nafasi hiyo. Sindano na ala husagwa kiwandani pamoja, ndiyo maana hairuhusiwi kubadilishana sindano ya hii na ala ya ile hata kama zote ni nzima. Na inafanya kazi kubwa mno. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kila nozeli inafunguka na kufunga mara 1,250 ndani ya dakika hiyo. Nilipiga hesabu kwenye basi wakati wa kurudi: gari likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, mpaka kilomita 100,000 zitimie kila nozeli imefunguka zaidi ya mara milioni 120. Kinachoilainisha muda wote huo ni dizeli yenyewe.

Rudolf Diesel mwenyewe hakuwa na kifaa hiki. Injini yake iliyofanya kazi huko Augsburg mwaka 1897 ilipuliza mafuta ndani kwa hewa iliyobanwa, na kompresa yake ilikuwa zigo ambalo huwezi kulifunga kwenye gari. Mpaka kampuni ya Bosch ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ya kusukuma mafuta mwaka 1927, ndipo dizeli ikaanza kuenea barabarani. Huwa nalifikiria hilo nikiona malori yanapanda mlima wa Kitonga, kwenye barabara ya Iringa: yote yanapandishwa na sindano zinazoingia kwenye kiganja cha mtoto.

Mashine ya kupimia ni ya mkono: mpini, geji na kopo la mafuta safi ya kupimia. Unafunga nozeli, unasukuma mpini, geji inapanda, na msukumo ukifika kiwango chake nozeli inafunguka. Kwa 3L, nozeli mpya hufunguka karibu na kilo 150 kwa sentimita ya mraba. Yangu ya kwanza ilifunguka kwenye 128. Ikatoa mlio, krrr, kama mdudu wa usiku, na mbele yake ukatokea ukungu mwembamba wenye umbo la pia. Ya pili na ya nne zilifanana nayo: zimechoka, lakini zinaimba. Ya tatu haikuimba. Geji ilifika 90, na mafuta yakatoka mstari mmoja uliopinda, halafu tone, halafu tone jingine.

"Hii inakojoa," akasema, bila kucheka.

Ukiona ule ukungu na ule mstari kwa macho yako, huhitaji tena maelezo mengi kuhusu moshi. Ukungu unawaka mara tu unapokutana na hewa ya moto iliyobanwa zaidi ya mara 20. Tone haliwaki hivyo. Linakaa, linangoja, mengine yanaongezeka, kisha yote yanalipuka kwa mkupuo mmoja. Huko ndiko kugonga nilikokuwa nasikia asubuhi. Yanayobaki bila kuungua ndiyo yaliyomfanya jirani azibe pua. Na injini ikipata joto, mengi zaidi yanaungua, ndiyo maana mchana gari lilionekana zima. Chini ya meza yake fundi ana pistoni yenye tundu unaloweza kupitisha kidole gumba. Anaiweka kwa ajili ya wateja wanaosema wataendelea na gari hivyohivyo mpaka mavuno.

Kisha nikamtolea ncha zangu mpya. Aliligeuza boksi, hakusema kitu, akazifunga moja moja. Ya kwanza sawa. Ya pili ilidondosha. Ya tatu sawa. Ya nne ilitoa ukungu upande mmoja tu. Mbili kati ya nne zilikuwa mbovu kabla ya kuguswa na injini yoyote. Nilikaa kwenye lile benchi nikihisi joto masikioni. Ningezifunga mwenyewe uani kwangu, ningewasha, moshi ungebaki, na ningerudi kwa yule fundi wa kwanza kumwambia alikuwa na haki, afanye oveholi. Pesa zote zingekwenda huko, na injini ingefunguliwa bila kosa. Najua wapo ambao hilo limewapata na mpaka leo hawajui.

Kwa hiyo hili nalisema kwa nguvu zote nilizo nazo: nozeli mpya ipimwe kama kuukuu. Ikitoka kwenye boksi ipelekwe mashineni. Muuzaji asiyekubali kurudishiwa iliyoshindwa kipimo, usinunue kwake. Zangu duka lilizikataa, na pesa ile ilipotea.

Nilinunua nyingine nne kwa mtu ambaye fundi anamwamini, kwa bei iliyoniuma. Hizo nazo zilipimwa. Kwanza alifanya jambo dogo ambalo nimelipenda kuliko yote niliyoyaona siku ile. Aliosha sindano na ala kwa dizeli safi, akaishika ala ikiwa imeinama, akaivuta sindano nje kama theluthi moja ya urefu wake, akaiachia. Ikashuka yenyewe, polepole, bila kukwama, kwa uzito wake tu. Akarudia akiwa ameizungusha kidogo. Ikashuka tena. Inayokwama hata mara moja anaiweka pembeni.

Baada ya hapo ni kurekebisha msukumo. Juu ya springi ya nozeli kuna shimu, kisahani chembamba cha chuma. Shimu ikizidi unene kwa milimita 0.025 tu, msukumo wa kufungukia unapanda kwa karibu kilo tatu na nusu. Alibadilisha, akafunga, akapima, akafungua, akabadilisha tena, mpaka zote nne zikakaa ndani ya kilo mbili kutoka moja hadi nyingine. Halafu akazishikilia msukumo ukiwa kidogo chini ya ule wa kufungukia, akahesabu hadi kumi. Hakuna iliyodondosha. Ilimchukua saa tatu, na alichonidai kwa saa hizo tatu kilikuwa kidogo mno ukilinganisha na kazi.

Wakati ananifungia akauliza, "Filta umebadilisha lini?"

Nikasema si muda mrefu.

Kurudishia kulikuwa kwepesi. Washa mpya zote nane, kila moja kwa upande wake unaotakiwa. Nozeli inaanzwa kwa mkono mpaka ikae, kisha torki renchi, nyutoni mita 64. Mzee alitaka kukaza kwa hisia ya mkono kama alivyozoea miaka yote, nikamwomba aniruhusu, akakubali. Mabomba yanaachwa yamelegea upande wa nozeli. Unapampu kwa mkono ile pampu ndogo iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha mtu anapiga starti kwa vipindi vifupi na wewe unaangalia kila mdomo wa bomba: kwanza povu, halafu dizeli isiyo na hewa. Unakaza mmoja baada ya mwingine. Iliwaka tulipokuwa bado tunakaza la mwisho. Ilitikisika kama sekunde kumi, ikakohoa moshi kidogo, kisha ikatulia. Mzee aliweka tena kiganja juu ya boneti.

Wiki ile nilipeleka viazi Dar es Salaam. Kwenda ni mteremko, hakuthibitishi lolote. Kurudi, gari likiwa na mbolea nyuma, nilianza kupanda Kitonga kutokea Ruaha Mbuyuni saa nane mchana. Awali kwenye kona zile nilikuwa nashuka mpaka gia ya pili, na nyuma yangu moshi mweusi unawafunika walionifuata. Safari hii niliishika ya tatu mahali pengi, na kwenye kioo niliona barabara. Nilipofika juu nikasimama, nikampigia fundi pampu.

Alifurahi. Kisha akauliza, "Filta umebadilisha?"

Mara ya pili sikuweza kumpa jibu lile lile. Nilikuwa nimeibadilisha siku tunafunga nozeli, na ile ya zamani mzee aliikata kwa msumeno. Karatasi yake ilikuwa nyeusi, na chini kulikuwa na maji na matope laini kama ugoro. Nilimweleza. Nilimweleza pia kwamba kwa misimu miwili, mafuta yalipopanda, nilikuwa nanunua dizeli ya madumu kando ya barabara, na sikuwahi kufungua koki ya chini ya filta kumwaga maji.

Watu wa umri wangu tunajua neno uchakachuaji lilitoka wapi. Kabla halijaingia kwenye kura mwaka 2010, lilikuwa la mafuta: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, alama ya kemikali ya kuyatambulisha mafuta halali, mwaka huohuo wa 2010, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili faida ile ife. Sheli zikatengemaa sana. Lakini dumu la kando ya barabara halina vinasaba vya kumwambia mnunuzi limepita mikono ya nani. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi kama dizeli, na zile maikroni chache hazina ulinzi mwingine. Maji nayo yanakula chuma usiku gari likiwa limelala. Nozeli yangu ya tatu haikufa kwa uzee. Mafuta niliyoyanunua mimi ndiyo yaliyoiua, na zile nyingine tatu zilikuwa njiani.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi shusha tanki," akasema. "La sivyo utaniletea hizo mpya kabla ya mwaka."

Tulilishusha Jumamosi iliyofuata, mimi na mzee, juu ya vipande viwili vya gogo. Tulipoinamisha yalitoka maji ya rangi ya chai yaliyojaza kopo la lita moja, kutu ya unga, na kitambaa cha bluu, kizibo cha dumu la mtu fulani.